Sahihi Mbili za Dada Mwamvua

Gerezani, 19 Februari 2024

Dada Mwamvua, shikamoo.

Assalaam aleikum wewe na wote wa hapo nyumbani Ngamiani. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la shambani. Natumai Mama anakula vizuri na macho hayajazidi. Mwambie mwanawe Yasini anamwamkia na sala hajaziacha. Wanaoniulizia majirani wasalimie, wasioniulizia waache hivyo hivyo.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Nimefungwa miaka mitatu sasa na sijakuandikia hata mstari, wala wewe hujaja. Sikulaumu. Ila huku kumetokea jambo, nikaona nisipokuandikia sasa sitaandika tena.

Mwaka jana mwishoni kuna shirika limetuletea vishikwambi thelathini. Ni kama simu pana, lakini havina mtandao, huwezi kumpigia mtu. Ni masomo tu. Mwalimu wetu anaitwa Nehemia, anakuja Jumatatu na Alhamisi na kadi ndogo yenye masomo mapya, anaichomeka, sisi tunavaa hedifoni tunasoma. Mimi nimechukua umeme wa jua na ufundi wa friji. Dada, mimi yule niliyekimbia shule darasa la sita nikaenda kupakia machungwa, leo nachora waya kwa kidole kwenye kioo na taa inawaka. Wenzangu wananiita Injinia.

Sasa sikiliza. Anayemaliza masomo jina lake linapelekwa kwenye kamati, na kamati ikiridhika anatoka kwa masharti, anamalizia kifungo chake uraiani huku anaripoti. Miaka yangu ni tisa, nimeshatumikia theluthi, kwa hiyo ninafaa. Lakini kuna karatasi. Ina miraba miwili ya sahihi. Wa kwanza ni wa ndugu atakayenipokea na kunipa mahali pa kulala. Wa pili ni wa familia ya marehemu, kwamba haina pingamizi. Afande aliponiuliza majina ya watu hao wawili nikamwambia ni mtu mmoja. Alinitazama, akaniambia haya, andika.

Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Usiifanyie haraka. Kamati inakutana mwezi wa kwanza mwakani.

Nduguyo wa tumbo moja,
Yasini


Ngamiani, 28 Aprili 2024

Yasini,

Marahaba, na waaleikum salaam. Huku tupo. Mama macho yamekwisha kabisa, anatutambua kwa mwendo na kikohozi. Idd tuliila kwa pilau ya kuku wawili, Mama akang'ang'ania sahani yako iwekwe kando. Nikaiweka, wakala paka. Machungwa nimeachana nayo tangu mwaka ule, sasa nauza unga na mkaa hapa hapa kibarazani. Masika haya ukuta wa chooni umelala chini.

Barua yako imefika tangu mwezi wa tatu. Nimeikalisha kusudi. Wewe umenikalisha miaka mitatu, mimi kukukalisha wiki chache umeona nyingi?

Haya, hongera Bwana Injinia. Umepata kishikwambi ndipo ukapata na mkono wa kuandikia. Kabla ya hapo huko kalamu zilikuwa hazijafika? Nilipomzika mwanangu hukupata hata kipande cha karatasi cha kuniambia pole? Ebo! Mtu mzima, ndugu yangu wa damu, nasubiri shirika lije na ndege lilete mashine ndipo nikumbukwe.

Karatasi yenyewe nimeiona, na miraba yake. Nimeiweka kabatini, na itakaa huko mpaka nitakapopenda mimi.

Mimi ninataka kitu kimoja tu. Shadya alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimtuma Muheza kulisimamia lile lori la machungwa yangu. Saa tatu asubuhi alipanda juu ya matenga, mzima kama mimi. Saa nane mchana nikaletewa amefunikwa kanga isiyo yake. Hapo katikati mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyekuwepo. Mahakamani ulisema breki zilikata ghafla, ukakaa chini. Sasa Mungu kakupa kujua kuandika. Niandikie siku ile ilikuwaje.

Mwamvua


Gerezani, 2 Juni 2024

Dada yangu, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako hata kama umenichapa nao. Kifua changu kimepungua. Pole kwa ukuta wa choo. Mpe Mama pole ya macho, na umwambie nimekula ile sahani kwa macho ya moyoni.

Masomo yanapanda. Sasa tuko kwenye betri. Kumbe betri ya jua watu wengi wanaiua wenyewe kwa kuiacha ikaisha mpaka chini kabisa kabla ya kuichaji. Nimekuwa nikifikiri, Ngamiani nzima kuna mafriji mangapi yamekufa yamegeuzwa makabati ya kanga? Mimi nikirudi ninaweza kufungua kibanda hapo hapo kibarazani, wewe na unga wako upande huu, mimi na vifaa vyangu upande ule. Mwalimu Nehemia anasema wapo waliotoka magereza mengine na sasa wanajitegemea. Jaribio la mwezi uliopita nimepata themanini na nne, nikawa wa pili. Wa kwanza ni Hosea, kijana wa Chumbageni, ambaye alifungwa kwa kuiba kinanda cha kanisa lao.

Nikisema Hosea, mama yake anaitwa Leticia, wazee wake walikuwa watu wa mashamba ya mkonge. Huja kumwona kila mwisho wa mwezi. Ukitaka kunipa chochote, sabuni au dawa ya kifua, mpe yeye, ni mama muungwana.

Kuhusu siku ile, dada, yote yameandikwa mahakamani. Mimi sina la kuongeza.

Anayekukumbuka sana,
Yasini


Ngamiani, 14 Julai 2024

Yasini,

Wazima sote. Sabuni tatu, dawa ya kifua na kandambili nimempa Mama Hosea. Juzi ilitimia miaka minne ya Shadya. Tumemsomea khitma, watu kumi na wawili, tukawapa chai na mikate ya kumimina. Shadya angekuwa na miaka ishirini na mitatu, labda na mtoto mgongoni.

Umenijibu kurasa mbili za jua. Jua nalijua, linanichoma hapa kibarazani kutwa. Nilikuuliza habari za mwanangu, wewe unanieleza betri zinavyokufa. Wallahi nilipofika pale uliposema huna la kuongeza, nilitaka kuichana barua na karatasi yako pamoja. Mama ndiye aliyeniokoa, maana alikuwa amekaa anasubiri nimsomee. Nikamsomea habari za friji, akafurahi. "Mwanangu amekuwa fundi," ndiyo maneno yake wiki nzima, kila anayepita anaambiwa.

Sasa tusizungushane. Ulijua kwamba lori lile lina breki mbovu, au hukujua? Ni jibu la neno moja. Ukiniambia kweli, hata iwe chungu vipi, nitatia sahihi miraba yote miwili na nitakuja kukupokea getini. Nimeapa, nikamshika na Mama mkono, ingawa yeye hakujua naapia nini. Ukikaa kimya tena, basi utatoka siku miaka yako itakapokwisha, na mimi usinitafute.

Mwamvua


Gerezani, 25 Agosti 2024

Mpendwa Dada Mwamvua,

Ninakuandikia barua hii nikiwa na moyo uliopondeka. Ninatambua kwamba kitendo changu cha kuendesha lori kilikusababishia maumivu ambayo maneno hayawezi kuyafuta. Sikustahili kukaa kimya kwa muda wote huu. Ukimya wangu ulikuwa jeraha la pili juu ya jeraha la kwanza.

Ninabeba wajibu wote, bila kumlaumu mtu mwingine wala hali niliyokuwa nayo. Kila ninapofumba macho ninaliona jina la Shadya. Sikuombi usahau. Ninakuomba kwamba, utakapokuwa tayari, unipe nafasi ya kuwa mtu mpya mbele yako.

Mwenye kujuta,
Yasini


Ngamiani, 6 Oktoba 2024

Yasini,

Leo salamu sina. Hata wewe mara ya mwisho hukutoa, Mama hukumwamkia, nikadhani ni uzito wa moyo. Mjinga mimi.

Nikueleze nilivyoipokea barua ile. Niliisoma kibarazani mbele ya wateja, nikalia mpaka mtu akajipimia unga mwenyewe akaondoka. Nikamsomea Mama mara tatu. Hukunijibu ulijua au hukujua, lakini nikasema moyoni, basi, yatosha, mtu aliyeandika kwamba ukimya wake ni jeraha la pili ameshanielewa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza kama yupo Jumatatu, agonge muhuri. Nikakusafishia chumba cha mbele. Nikashika kalamu. Kwenye mraba wa kwanza nimeshaandika M, Mama akaniita nimpeleke uani, nikaiacha pale mezani.

Mungu akamleta Leticia kuchukua sabuni zako. Nikamwona uso umemvimba. Namuuliza una nini, mama? Ananiambia, "Mwenzangu, Hosea kaniandikia barua. Tangu nimemzaa hajaniambia maneno kama haya." Nikamwambia hata mimi, wangu kaandika. Akaitoa mkobani, akanisomea kwa fahari. Moyo uliopondeka. Jeraha la pili juu ya jeraha la kwanza. Nikaenda ndani nikaleta ya kwangu, nikaiweka pembeni ya yake. Neno kwa neno, Yasini! Koma kwa koma! Unajua kijana wake kaandika nini pale wewe ulipomwandika mwanangu? "Kila ninapofumba macho ninaliona jina la Kinanda cha Usharika."

Leticia alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akakaa chini kwenye gunia la mkaa na gauni lake la kanisani akalia. Mimi sikulia. Nilikwishalia yote kwa ajili ya mashine.

Shadya wangu umemwandika kwenye pengo kilipoandikwa kinanda. Hukuona haya? Kidole chako hakikuganda? Ile M nimeikata. Usiniandikie tena mpaka uwe na maneno yako mwenyewe.

Mwamvua


Gerezani, 3 Novemba 2024

Dada, shikamoo. Mama shikamoo.

Ni kweli. Lilikuwa Somo la Kumi na Mbili, Kuomba Radhi. Kishikwambi kinakupa barua yenye mapengo, unajaza jina na kosa, kisha unainakili kwa mkono wako. Mwalimu alinipa tisini kwa mia. Sina cha kujitetea, ila nisikie kidogo. Kuomba radhi mimi sikujui. Nyumbani nani alitufundisha? Baba alipokosea alikuwa analeta samaki, Mama anapika, imekwisha. Niliposoma maneno yale nikaona ni mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo, nikasema dada anastahili mazuri. Sikufikiria kwamba Hosea naye atasema hivyo hivyo kwa mama yake. Tumechekwa na bweni zima. Hosea haongei na mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga.

Ninakuomba jambo dogo. Mahafali yetu ni tarehe 18 Desemba. Kila mhitimu atawekewa Sauti ya Nyumbani, yaani mtu wa kwao anasema maneno kidogo, yanapigwa kwenye spika mbele ya watu wote na kamati ikiwepo. Mwalimu Nehemia atakupigia, umrushie kwa wasap. Asiye na sauti anapitwa kimya, na kamati inaona hana kwao. Nirushie chochote. Hata ukinitukana, nitakuwa nina mtu.

Yasini


Ngamiani, 29 Novemba 2024

Yasini,

Sisi wazima, Mama anakohoa kidogo.

Mwalimu wako amepiga, mtu mwenye adabu. Nimemrushia sauti. Si yangu. Nilikuwa nayo kwenye simu miaka yote hii, na sijaweza kuisikiliza zaidi ya mara mbili. Wewe isikilize na wenzako kwenye spika.

Mwamvua


Gerezani, 12 Januari 2025

Dada Mwamvua,

Shikamoo, na Mama mwamkie. Mimi mzima wa mwili.

Nikuhadithie mahafali. Walifunga turubai uwanjani, tukavaa mashati meupe ya kuazima, wageni wakaja, kukawa na pilau na soda. Wakaanza kuita majina. Hosea alipoitwa, mama yake alimwimbia wimbo wa kanisani, maafande wengine wakavua kofia. Kisha nikaitwa mimi. Nikasimama pale mbele na cheti changu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ukinitukana.

"Mama, tumeshamaliza kupakia. Mjomba anasema breki hazishiki vizuri, eti tutakwenda polepole."

Basi. Ile ile sauti ya Shadya, na anatafuna kitu, nadhani ni chungwa. Watu walipiga makofi, dada. Walidhani ni mtoto wa kwetu anayenisalimu. Mwalimu Nehemia peke yake ndiye aliyenitazama usoni akaizima mashine.

Kamati iliniita tarehe 8 mwezi huu. Ile sauti ilikuwa mezani kwao. Wakaniuliza, ulijua? Nikasema nilijua. Wakaniuliza mbona mahakamani ulisema vingine, nikasema niliogopa. Wakaniuliza, sauti hii ndiyo yote, hakuna nyingine? Nikasema ndiyo yote. Mwenyekiti wao akasema kuliko mtu anayekataa, wao wanamtaka anayekiri. Wamenipitisha. Limebaki jambo moja, karatasi yako. Wanakutana tena mwisho wa mwezi wa tatu.

Kwao nimesema ndiyo yote. Kwako sasa naandika siku ile ilikuwaje, kwa maneno yangu mwenyewe kama ulivyotaka.

Breki zilianza kulegea tangu jana yake. Fundi pale Muheza aliniambia nisitoke nalo. Asubuhi tulipokuwa tunafunga kamba nikamwambia Shadya ateremke, apande basi, mimi nitalileta lori taratibu. Akasema ngoja nimuulize Mama. Akakurushia hiyo sauti unayoijua. Kisha akakurushia ya pili: "Au niende na basi?"

Nilikuwa chini nimeshika kamba. Wapakizi walikuwa wamekwenda kunywa chai. Jibu lako lilipoingia aliliweka kwa sauti ya juu, kwa sababu kulikuwa na gari linaunguruma jirani, na tukalisikia wote wawili. Ulisema: "Basi ndilo litanilindia mzigo? Panda juu ukae. Huyo mjomba wako ndizo zake, anataka akuteremshe apate kuuza matenga yangu njiani. Hakuna cha breki hapo."

Shadya akacheka. Akaniambia, "Umesikia mwenyewe, mjomba." Akapanda.

Nilikuwa nimekwisha kukuibia matenga yako mara mbili kule Mkanyageni, na ulijua, hukuwahi kusema. Kwa hiyo nilipotaja breki ulisikia wizi. Nami badala ya kumkamata mkono nimteremshe kwa nguvu, nilikasirika. Niliwasha lori kwa hasira ili nifike nikakusute mbele ya watu kwamba mzigo wako huo, umetimia. Nilijua na nikaendesha. Hilo ni langu, silitafutii mwenzangu wa kuligawana.

Wakili alinishauri niseme nilimwonya marehemu, itanipunguzia miaka. Nikaona nikisema nilimwonya, jaji atauliza mbona alipanda. Simu yake ilisagika pale pale barabarani. Ya kwako ndiyo iliyobaki, na wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele na msiba bado usoni. Nikasema zilikata ghafla. Nilinyamaza miaka yote hii kwa sababu kila nilipotaka kuanza kuandika, hadithi ilikuwa inapita kwako.

Sasa umenijibia mwenyewe kwa spika, nami nimekujibu. Uliapa, dada. Ulimshika Mama mkono.

Yasini wako


Ngamiani, 23 Machi 2025

Yasini,

Ramadhani imebaki wiki moja, Mungu akitujaalia tutafungua salama. Mama hafungi tena, daktari amemkataza, lakini daku anaamka anakaa na sisi. Unga umepanda bei.

Barua yako ilifika Februari. Imefunguliwa, ina muhuri wa gereza na sahihi ya aliyeikagua. Nimeutazama muhuri ule kuliko nilivyoyatazama maneno yako. Yupo afande huko, simjui jina wala sura, anajua nilimwambia nini mwanangu. Ni nani? Ni mtu wa Tanga? Ana ndugu hapa Ngamiani? Kila anayekuja kununua mkaa akanitazama mara mbili, namuuliza moyoni, wewe nani kakuambia?

Ulikuwa unadhani naulizia siku ile kwa kutaka kujua. Ilivyokuwa ninayo mwenyewe, naijua kuliko wewe. Nilikuwa nataka kujua kama ulisikia. Uliponiandikia habari za betri nilikutukana, lakini usiku ule nililala, nikasema hakusikia. Jibu langu lile nililifuta kwenye simu siku ya tatu ya msiba, watu wako uani wanasoma. Na lile swali lake la basi nikalifuta. Ile moja ya kwanza ndiyo iliyonishinda, kwa sababu anatafuna, na mimi nilikuwa nimemkataza kula machungwa ya biashara.

Halafu unaniambia hunilaumu. Ungenilaumu, Yasini! Ungeniandikia kurasa kumi za matusi ningekupokea getini na ngoma. Umeninyamazia mbele ya jaji ukala miaka tisa, kisha unaniandikia kwamba ulikuwa unaniibia ndiyo maana sikuamini, unanitafutia na sababu. Nani alikuomba? Mimi nilihitaji mtu mmoja tu duniani awe amemuua Shadya, na mtu huyo awe mbali. Nilikuwa naye. Umeninyang'anya.

Karatasi nimeijaza. Mraba wa kwanza, ndugu wa kumpokea, nimeandika hapana. Mraba wa pili, familia ya marehemu, nimeandika tunapinga. Sahihi zote mbili ni zangu, mwenyekiti amegonga muhuri, Leticia ataileta Ijumaa. Kiapo nimemuuliza ustadhi, amesema kina kafara yake, nilishe masikini kumi. Nitawalisha baada ya Idd.

Usidhani sijakusamehe. Nimekusamehe zamani. Lakini ukija utalala chumba cha mbele, utakula sahani moja na mimi, utaniita dada, na kila utakaponiinulia macho nitakuwa najua unachokisikia masikioni. Siwezi, mdogo wangu. Miaka iliyobaki itumikie, usome hayo masomo mpaka yaishe.

Mama anauliza kila siku kama utakuja kula Idd. Jana nimemwambia umeandika kwamba umepewa kazi huko huko ya kufundisha wenzako, na umekataa kurudi. Adhana ilipokwisha akasema nikuandikie kwamba ameelewa, na ana radhi nawe. Basi nimekuandikia. Usijaribu kumwambia vingine, maana barua zake msomaji ni mimi.

Mwamvua